Kaburi la Keya Halihitaji Bendera

Msalaba wa mbao ukisimikwa kwetu Gem, Siaya, hudumu misimu miwili ya mvua. Ukiupaka oili chafu ya gari, mitatu. Baada ya hapo mchwa huwa wameshamaliza mguu wake, unainama, mbuzi anajikuna nao, na siku moja mtoto anauokota na kuupeleka jikoni kwa sababu kuni ni kuni. Msalaba wa babu yangu mzaa baba umebadilishwa mara nyingi hivi kwamba nyumbani hakuna anayekumbuka ule wa kwanza uliandikwa nini. Wa sasa una jina moja na mwaka mmoja, na huo mwaka shangazi anaupinga.

Babu alikuwa Keya. Ndivyo wazee walivyozitamka zile herufi tatu, K.A.R. (King's African Rifles), jeshi la mfalme katika Afrika Mashariki, na neno likaingia Kiswahili likapata kiti. Alipelekwa Burma kupigana na Wajapani, akarudi na koti zito, chupa ya maji ya bati na tabia ya kukunja blanketi kila alfajiri, pembe kwa pembe, hata alipokuwa mgonjwa wa kulishwa. Alipofariki hakuna aliyekuja kumpigia tarumbeta.

Nimeanza na msalaba kwa sababu ya picha. Mwishoni mwa Mei, binamu yangu anayeishi Marekani alituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya makaburi ya kijeshi: safu za mawe meupe hadi jicho linachoka, na mbele ya kila jiwe bendera ndogo. Chini akaandika, "Wenzetu wanaheshimu askari wao. Sisi tunangoja nini?" Kundi likawaka moto. Mmoja akataka tuchange. Mwingine akasema aachiwe mwakilishi wadi, hiyo ni kazi ya kaunti. Kufikia jioni kulikuwa na makadirio ya bendera ngapi zingetosha kata nzima, na bei ya jumla kutoka duka moja la Kisumu. Mimi nilinyamaza, na kimya changu kilichukuliwa vibaya, ndiyo maana naandika.

Sina ugomvi na Wamarekani. Desturi yao ina mizizi. Mwaka 1868, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa na miaka mitatu tu tangu viishe, Jenerali John Logan aliwaagiza wapiganaji wenzake wa zamani wapambe makaburi kwa maua tarehe 30 Mei. Siku hiyo ilikuja kuwa sikukuu ya taifa, na tangu 1971 huangukia Jumatatu ya mwisho ya Mei. Kule Arlington, makaburi yao makuu ya kijeshi, tangu 1948, wanajeshi wa kikosi kimoja cha askari wa miguu hupita kaburi kwa kaburi kabla ya sikukuu, kila mmoja akipima nafasi kwa kiatu chake kutoka kwenye jiwe, kisha anachomeka bendera. Ni zaidi ya bendera 250,000 kwa saa chache. Sikukuu ikipita, zote hung'olewa, kwa sababu bendera iliyochanika juu ya kaburi ni tusi kuliko kaburi tupu.

Lakini tazama kilicho chini ya bendera hizo. Kuna jiwe, na serikali yao ndiyo inayolitoa bure kwa askari anayestahili, hata akizikwa katika makaburi ya kijiji chake. Juu ya jiwe kuna jina, na nyuma ya jina kuna daftari. Bendera ni kitu cha mwisho katika mnyororo huo, tena ndicho cha bei rahisi. Binamu yangu alipiga picha ya kitambaa, hakupiga picha ya daftari.

Sasa ichukue bendera hiyo uilete Gem. Utaichomeka wapi? Sisi hatuna safu. Mjaluo huzikwa nyumbani, ubavuni mwa nyumba yake, na mahali pa kaburi panajulikana hata kabla mtu hajaugua. Kwa Waluhya ni hivyo hivyo. Jambo hili si dogo kwetu. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wa Umira Kager walipelekana mahakamani, na mwili ukakaa miezi mitano bila kuzikwa hadi mahakama ilipoupa ukoo haki ya kumzika Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Nchi nzima ilisimama kufuatilia ni udongo gani utamfunika mtu mmoja. Kwa hiyo askari wetu wametawanyika, huyu nyuma ya ghala la mahindi, yule kando ya choo kipya kilichochimbwa na mjukuu asiyejua. Kumzungukia kila mmoja na bendera ndogo mkononi ni kazi ya pikipiki na siku nyingi, na mwisho wake utakuta kaburi lenyewe limelimwa na kupandwa nepia. Vihiga, ambako mamangu alizaliwa, mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vitambaa vya meza. Shamba likiuzwa, kaburi huuzwa nalo, hata kama halikuandikwa kwenye mkataba.

Hapa kuna uongo mmoja wa zamani nataka kuushika shingo: kwamba Mwafrika hana haja ya jina juu ya kaburi.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walipowakimbiza Wajerumani kuelekea Tanganyika ya kusini, hawakuwa na barabara, na farasi wao walikufa kwa mbung'o. Mzigo ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Nyanza ndiyo iliyotoa wapagazi kwa wingi. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa huu, ndiye aliyetolewa hapa mwaka 1917 akasimamie ule mkusanyo mkubwa wa watu. Jina la kikosi hicho, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi wapatao 95,000 walikufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na kichomi, na kwa unga ulioiva nusu katika matumbo yasiyouzoea.

Mwaka 1917 huo huo ndipo ilipoundwa tume ya makaburi ya vita ya himaya, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa mzuri kabisa: jenerali na kuruta wapate jiwe la aina moja, bila cheo wala utajiri kuangaliwa. Msingi huo ulipofika Afrika ulipungua nguvu. Wakubwa wa wakati huo walihojiana kwa barua, wakaafikiana kwamba Mwafrika hana haja ya kaburi lenye jina, kwamba hajafika kiwango cha kuelewa jiwe, na kwamba mnara mmoja wa jumla utamtosha. Makaburi mengi ya wapagazi yakaachwa yarudie kichaka. Ripoti ya tume yenyewe, iliyotoka Aprili 2021, inakiri kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000, Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Haelewi jiwe! Watu hao hao wa Nyanza, mtu wao akifia mbali na mwili usipatikane, hawakai hivi hivi. Wajaluo huchuma yago, lile tunda refu la mwegea, zito kama mtoto mchanga, wakalizika mahali pake kwa taratibu za maziko. Waluhya hutumia kigogo cha mgomba. Kaburi huchimbwa, watu hulia, jina hutajwa. Utawala uliohesabu kila kibanda cha Nyanza ili kisikwepe kodi, uliompa kila mpagazi nambari yake ili asitoroke, ulipofika kwenye wafu ghafla ukasahau kuhesabu. Hata mishahara ya wengi waliofia huko haikuwafikia jamaa zao.

Ukienda Nairobi, barabara ya Kenyatta, utawaona wanaume watatu wa shaba waliosimamishwa mwaka 1928. Maandishi ya chini, yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mnara wenyewe hauna jina hata moja.

Kutoka ninapoishi Nakuru hadi Gilgil ni mwendo wa matatu tu. Pale kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ile ile, zaidi ya 200, mengi ya Vita vya Pili. Nimeenda mara mbili. Nyasi zimekatwa kama nywele za mwanafunzi wa bweni. Kila alama ina nambari, cheo, jina, kikosi na tarehe, na hakuna bendera kwenye kaburi lolote. Nilisimama mbele ya askari mmoja nisiyemjua, nikasoma nambari yake kwa sauti, na kwa dakika moja alikuwa mtu. Huo ndio uwezo wa herufi. Nilirudi nyumbani nikimwonea wivu marehemu wa watu wengine, jambo ambalo si la kujivunia.

Wapo pia wasio na kaburi popote. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama ndani ya dakika chache na watu wapatao 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hao tunaweza kuwapelekea bendera gani, na tuichomeke kwenye wimbi lipi?

Na swali la bendera gani si mzaha. Bendera yetu ilipandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Mpagazi aliyekufa kando ya Rufiji mwaka 1917 hakuijua. Babu yangu alipokuwa Burma, bendera iliyokuwa juu yake ilikuwa ya mfalme wa ng'ambo, na aliporudi hakupewa ardhi wala kura kwa ajili yake. Nimfunike leo na nyeusi, nyekundu na kijani, kana kwamba aliipigania? Itakuwa ni kumvisha marehemu koti la mtu mwingine. Au nimwekee ile aliyoitumikia? Hapo wazee wa kijiji wataniuliza kama nimerogwa. Zaidi ya hayo, kuna Keya waliobaki jeshini hadi miaka ya hamsini wakatumwa kuwasaka Mau Mau msituni. Ukimpa mmoja wao bendera ya Kenya, mjukuu wa mpiganaji wa Nyandarua ana haki ya kukuuliza maswali, na Nakuru wajukuu wa pande zote mbili wanaishi mtaa mmoja. Bendera humlazimisha marehemu kuchagua upande. Jina halimlazimishi chochote. Alikuwepo, aliitwa hivi, alikuwa kikosi hiki, alikufa siku hii.

Ndiyo sababu hata yule aliyefukuzwa jeshini baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, akarudi kijijini akafa majirani wakinong'ona, mimi ningemwandika. Najua wengine hawatakubali, na Wamarekani wenyewe huwanyima jiwe waliofukuzwa kwa aibu. Basi tukosane hapo.

Bendera ina urahisi mwingine unaonitisha: inaruhusu sherehe bila orodha. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya El Adde nchini Somalia, na kikosi kilichokuwa pale kilikuwa cha Moi Barracks, Eldoret. Siku kumi na mbili baadaye ibada ilifanyika kambini Eldoret, ikahudhuriwa na marais watatu, wa Kenya, wa Nigeria na wa Somalia. Kulikuwa na bendera, gwaride na hotuba. Kilichokosekana ni idadi. Mwezi uliofuata Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba waliokufa walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi letu likapinga, lakini halikutoa hesabu yake. Majeneza yalikuja Bungoma, Kakamega, Siaya na Nandi moja moja, kila boma likamlilia wake, na hakuna jirani aliyejua yeye ni wa ngapi. Nielewe hapa: sisemi siri za vita zimwagwe sokoni. Nasema kwamba taifa lisiloweza kusema waliokufa ni wangapi lisinunue bendera kwanza. Tume ya Waingereza ilihitaji karibu karne moja kukiri kwamba haikuhesabu. Sisi tumeanza saa yetu.

Kaburi la mkubwa halina shida hii. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi, alipokufa katika ajali ya helikopta kule Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024 pamoja na wanajeshi wengine tisa, alizikwa kwao Alego siku ya tatu, kama alivyokuwa ameagiza, na leo bodaboda yeyote wa Ng'iya atakufikisha. Alitaka mazishi ya haraka yasiyo na makuu, na kwa hilo nilimheshimu kuliko kwa nyota zake. Lakini koplo je? Koplo anajulikana na mama yake, na mama akifa anajulikana na msalaba, na msalaba nimeshaeleza mwisho wake.

Cape Town walifanya jambo ambalo nimelifikiria sana. Januari 2025 ilizinduliwa kumbukumbu ya wanaume weusi wa Afrika Kusini waliotumika kama vibarua na wabeba mizigo katika Vita vya Kwanza na ambao hawana kaburi linalojulikana. Ni nguzo za mbao ngumu ya Kiafrika, 1,772, nguzo moja kwa mtu mmoja, na jina la kila mmoja juu yake. Hakuna sanamu ya shujaa mwenye kifua kipana. Unatembea katikati ya nguzo kama mtu aliyepita kati ya watu. Miaka mia moja baadaye majina yalipatikana, kwa hiyo asituambie mtu kwamba madaftari yote yameliwa na panya.

Kwetu ningeanza chini zaidi, kwenye kata. Chifu na wazee wa vijiji wanajua kila boma, wanajua nani alistaafu kutoka kambi ya Lanet na nani hakurudi kutoka Somalia. Wapewe daftari. Jina, nambari, kikosi, mahali kaburi lilipo, nani analitunza. Kisha jeshi lilete kipande cha jiwe. Si chuma! Wamarekani wana vishikio vya bendera vya shaba vyenye nyota, na hata kwao huibwa. Kwetu vingekuwa kwa muuza vyuma chakavu kabla wali wa mazishi haujaliwa. Nchi iliyolazimika kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mwaka 2022 kwa sababu ya minara ya umeme haitaacha nyota ya shaba shambani. Mawe tunayo. Maragoli ni mwamba mtupu, na kina mama wa barabara ya Chavakali wamekaa juu ya matale hayo miaka yote wakiyaponda kuwa kokoto kwa ndoo. Tabaka, Kisii, kuna mafundi wa kuchonga wanaouza viboko wa mawe kwa watalii. Jiwe lenye ukubwa wa tofali mbili, likizikwa nusu, mchwa hana la kufanya, na mnunuzi wa shamba atalikuta kwa jembe hata akitaka kujisahaulisha.

Desemba iliyopita, kabla hata ya picha ya binamu, mimi na ndugu zangu tulikuwa tumeshamwita fundi. Fedha zilitosha kwa shida, baada ya maneno mengi kuhusu nani alichanga nini kwenye harusi ya nani. Fundi akataka kujua kitakachoandikwa. Shangazi akaleta bahasha yenye cheti cha babu cha kuachiwa jeshi, karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne, na mchwa wale wale walikuwa wameshapita kwenye mkunjo. Jina lipo. Kikosi kinasomeka. Nambari imebaki tarakimu tatu za mwanzo. Mwaka tukauandika wa shangazi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo.

Fundi alitoza kwa herufi, shilingi 60 kila moja, tarakimu bei hiyo hiyo. Alituonyesha kwenye simu bendera aliyowahi kuchonga kwa familia nyingine, nzuri kwelikweli, 2,500. Tulimshukuru. Baada ya zile tarakimu tatu tulimwambia aache nafasi, na akatuuliza aache ya ngapi.